Mashine za kupokea malipo dukani: ipi ya kwanza, ipi ya kuachwa

Bei ya mashine ya kupokea malipo ndiyo gharama ndogo kuliko zote utakazobeba. Faida huliwa na makato ya kila mauzo, na siku ambazo pesa yako inakaa njiani kabla ya kuingia benki, na foleni inayosimama mtandao unapokatika. Wengi huchagua kwa bei ya boksi, kisha mwisho wa mwaka wakipiga hesabu hawaelewi fedha ilikwenda wapi. Sisi tumezipanga kwa maswali mengine: inapokea njia ngapi za kulipa, inafanya nini mtandao mmoja ukifa, na inakata kiasi gani kwenye mauzo madogo madogo, maana hayo ndiyo yanayochelewa kuachana na noti na sarafu.

Mpangilio huu ni wa mwenye duka, kibanda au saluni yenye kaunta moja au mbili.

1. Mashine inayojitegemea, yenye laini yake na Wi-Fi

Hii ndiyo chaguo letu la kwanza. Ina skrini, sehemu ya kubonyeza namba ya siri, tundu la chipu, antena ya kugusisha kadi na simu, na mara nyingi kamera ya kusoma QR (msimbo wa vijiraba unaosomwa na kamera ya simu) pamoja na printa. Haitegemei simu ya mtu yeyote, kwa hiyo mhudumu akitoka na simu yake mauzo hayasimami.

Anza na mtandao. Hakikisha inashika 4G. Bado zipo mashine za bei ya chini zinazotumia 2G au 3G pekee, na kampuni za simu katika nchi nyingi zimezima au zinazima mitambo hiyo ili masafa yake yahamie kwenye teknolojia mpya. Siku mtambo unapozimwa, mashine nzima isiyo na Wi-Fi inakuwa kipande cha plastiki. Uliza pia kama ina nafasi mbili za laini na kama inahama yenyewe kutoka Wi-Fi kwenda kwenye laini. Nyingine zinataka uingie kwenye mipangilio kwa mkono, jambo lisilowezekana ukiwa na watu watano mbele yako. Kuhusu Wi-Fi, mashine nyingi husoma masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta iliyowekwa 5 GHz pekee haitaonekana kabisa, na fundi atakwambia mashine ni mbovu.

Kisha angalia kibali cha usalama. Mashine inayoingiziwa namba ya siri ya kadi inapaswa kuwa imeidhinishwa na baraza la PCI, linaloweka viwango vya usalama wa malipo ya kadi, lililoundwa mwaka 2006 na American Express, Discover, JCB, Mastercard na Visa. Kila kibali kina toleo na tarehe ya kuisha, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya baraza hilo. Geuza mashine, soma jina la mtengenezaji na modeli kwenye kibandiko cha chini, kisha itafute. Modeli iliyobakiza miezi michache ya kibali huuzwa kwa punguzo linalovutia sana. Iache. Kibali kikiisha, watoa huduma, yaani benki na kampuni zinazokupitishia malipo, huanza kukataa kusajili mashine mpya za modeli hiyo, na masasisho ya programu yake hayadumu.

Printa nyingi za mashine za mkononi hutumia karatasi ya joto, inayochapwa kwa joto bila wino, yenye upana wa 57 mm na kipenyo cha roli cha takriban 40 mm. Ukinunua roli ya kipenyo kikubwa kwa sababu ina mita nyingi, kifuniko hakitafunga, na mtu akikilazimisha bawaba inavunjika. Risiti ikitoka nyeupe tupu, kwanza shuku kwamba roli imegeuzwa: kwaruza karatasi kwa ukucha, upande unaoacha alama nyeusi ndio unaotakiwa kugusana na kichwa cha printa. Na usiweke risiti hizo kwenye mifuko ya plastiki wala karibu na dirisha lenye jua. Joto, mwanga na mafuta huzifuta, na mteja anaweza kulalamikia malipo miezi kadhaa baadaye. Kwa mitandao mikubwa ya kadi muda huo mara nyingi hufika siku 120. Chagua mtoa huduma anayekuhifadhia nakala za kielektroniki.

Jambo moja wauzaji hulitaja mara chache. Mbali na betri kubwa, ndani ya mashine huwa kuna betri ndogo ya kitufe inayolinda funguo za siri za usimbaji, zile zinazoficha taarifa za kadi zinaposafiri. Mashine ikiachwa kwenye droo kwa miezi mingi bila chaji, betri hiyo nayo huisha, funguo hufutika, na skrini huonyesha onyo kwamba mashine imechezewa. Ndivyo inavyokuwa pia ikianguka vibaya au ikifunguliwa skrubu, kwa sababu ina swichi za ndani zinazohisi kufunguliwa. Fundi wa simu hawezi kuirudisha. Lazima irudi kwa aliyekupa. Kama una mashine ya akiba, ichaji kila mwezi hata kama huitumii.

2. QR ya kuchapishwa pamoja na spika ya malipo

Ni rahisi kuliko zote kwa gharama, na tumeiweka ya pili kwa sababu moja tu: mwenye kadi ya plastiki huwezi kumpokea. Tungependa kila duka liwe nayo kando ya mashine ya kwanza, kwani hiyo moja ikikwama, nyingine inaendelea.

QR iliyochapishwa mara moja haina kiasi ndani yake. Mteja anaandika mwenyewe, na hapo ndipo sifuri inapoongezeka au kupungua. QR inayotengenezwa kwa kila mauzo, kwenye skrini ya simu au ya mashine, huwa imebeba kiasi tayari. Kama mauzo yako ni makubwa na machache, dai hiyo ya pili.

Kwa ukubwa, kanuni inayofaa ni umbali gawa kwa kumi: mteja akisimama mita moja kutoka kwenye kaunta, chapisha QR yenye upana wa sentimita 10. Acha ukingo mweupe pande zote unaolingana na vijiraba vinne vya msimbo wenyewe, na usiweke plastiki inayong'aa juu yake, kwa sababu taa ya dukani huakisiwa na kamera haioni kitu. QR ina uwezo wa kusomeka hata ikiharibika, kuanzia asilimia 7 hadi asilimia 30 kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa bango litakaloguswa na kufutwafutwa kila siku, omba kiwango hicho cha juu.

Wizi wake ni wa aina mbili. Mtu hubandika QR yake juu ya yako, na wateja wanalipa vizuri kabisa, ila si kwako. Kila asubuhi pitisha kidole juu ya bango kuhisi kama kuna karatasi ya pili, kisha lisome kwa simu yako na uhakikishe jina linalotokea ni la biashara yako. Aina ya pili ni picha ya skrini au ujumbe wa kughushi unaoonyeshwa kwa haraka wakati foleni ni ndefu. Ndiyo maana tunasisitiza spika. Kisanduku hiki kina laini yake, hupata taarifa moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma, na hutamka kiasi kilichoingia. Hakipitii simu ya mteja hata kidogo. Ijaribu sauti yake ukiwa na kelele halisi za dukani kabla ya kulipa, na uulize ni nani anayelipia data ya laini hiyo baada ya mwaka wa kwanza. Spika iliyonyamaza ichukuliwe kuwa hakuna malipo mpaka uone kwenye akaunti yako.

3. Kisomaji kidogo kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth

Kinafaa kwa anayehama hama: fundi, muuzaji wa mnadani, dereva. Kina chipu na kugusisha, lakini mtandao na skrini vinatoka kwenye simu yako. Udhaifu wake ni muunganiko. Simu ikisasishwa mfumo au ikiwekwa kwenye hali ya kuokoa betri, programu hulazwa na kisomaji kinapotea. Izuie simu isiibane programu hiyo, na kama muunganiko unagoma, futa kisomaji kwenye orodha ya Bluetooth kisha ukiunganishe upya kupitia ndani ya programu ya malipo. Kwenye kaunta yenye wahudumu wawili wanaopokezana simu, utajuta.

4. Simu yako yenyewe kama mashine

Simu yenye NFC (teknolojia ya kulipa kwa kugusisha) na programu iliyoidhinishwa inaweza kupokea kadi ya kugusisha bila kifaa kingine. Ni njia nzuri ya kuanzia, na akiba nzuri kabisa. Kadi ya zamani isiyo na kugusisha haiwezi kupokelewa, na kiasi kikizidi kikomo cha kulipa bila namba ya siri mteja ataombwa aandike namba ya siri kwenye simu yako, jambo ambalo wengine hulikataa, na hatuwalaumu. Umbali wa kugusa ni sentimita 4 hivi. Tafuta antena ilipo, kwa kawaida nyuma karibu na kamera, na uvue kava lenye chuma au sumaku.

5. Mashine ya mezani ya waya

Haina habari ya betri wala laini, na waya wa intaneti ni thabiti kuliko njia zote. Umeme ukikatika imekufa, ruta ikizima imekufa. Inunue pale tu unapokuwa na umeme wa akiba unaobeba mashine na ruta kwa pamoja.

Za kuachwa

Achana na kisomaji cha mkanda wa sumaku pekee (ule mstari mweusi nyuma ya kadi), hata ukipewa bure. Kadi yenye chipu ikisomwa kwa mkanda na ikatokea kuwa ya kughushi, hasara mara nyingi huangukia mwenye duka. Mkanda wenyewe unaondoka: Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba kufikia 2033 kadi zake hazitakuwa nao.

Achana pia na mashine iliyotumika. Funguo zake huingizwa na mtoa huduma wa mwanzo na huwezi kuzibadilisha. Zaidi ya hapo, hujui kama kuna kitu kimepachikwa kwenye tundu la kadi.

Hesabu ya makato kabla ya kusaini

Chukua mfano, kwa fedha yoyote ile. Mtoa huduma wa kwanza anakata asilimia 2.75 bila kodi ya mashine (malipo ya kuikodi). Wa pili anakata asilimia 1.5 na kodi ya 250 kwa mwezi. Tofauti ni asilimia 1.25, na 250 gawa kwa 0.0125 ni 20,000. Ukiuza chini ya 20,000 kwa mwezi kwa njia ya kielektroniki, wa kwanza ni nafuu. Ukizidi hapo, wa pili. Fanya hesabu hiyo kwa mwezi wako mbaya, si kwa mwezi wa sikukuu.

Jihadhari zaidi na ada isiyobadilika kwa kila muamala. Ada ya 10 kwenye mauzo ya 2,000 ni nusu asilimia, lakini kwenye mauzo ya 100 ni asilimia 10, na hapo duka la bidhaa ndogo ndogo linamfanyia kazi mtoa huduma. Uliza pia pesa inaingia baada ya siku ngapi na kama wikendi inahesabiwa, ada ya mteja anapolalamikia malipo, adhabu ya kuvunja mkataba, na kama mashine inafunga hesabu ya siku yenyewe. Kwenye baadhi ya mashine usipofunga hesabu, mauzo ya siku hiyo hayatumwi na pesa haiji.

Siku ya kukabidhiwa

Usimwache fundi aondoke kabla hujafanya haya kwa kadi yako mwenyewe: malipo madogo kwa chipu, mengine kwa kugusisha, mengine kwa QR, kisha rudisha pesa ya moja. Zima Wi-Fi uone kama inahamia kwenye laini. Iweke pale itakapokaa kila siku. Meza ya chuma hudhoofisha antena ya kugusisha. Mwambie kila mhudumu kwamba mteja atoe kadi moja kwenye pochi, maana kadi mbili zikigusa kwa pamoja mashine huchanganyikiwa.

Mwisho, katisha mtandao katikati ya muamala na utazame. Mara nyingi mashine itasema imeshindwa huku benki ya mteja ikiwa imeshashikilia pesa. Mtandao ukirudi, mashine hutuma ombi la kufuta. Kwa hiyo mhudumu asikate mara ya pili kabla ya kufungua orodha ya miamala na kuangalia kama ule wa kwanza umo. Kama mteja amekatwa na kwako haupo, mpe namba ya marejeo ya tarakimu 12 iliyo kwenye risiti aipeleke benki kwake, nawe ipeleke kwa mtoa huduma wako siku hiyo hiyo, kabla ya kufunga hesabu.