Dizeli ya Zamani Yenye Giaboksi Mbovu: Ipi Ununue Mwanza, Ipi Uiache

Ukizungukia madalali wa magari hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, sentensi moja utaisikia mpaka uizoee: "Bosi, injini iko vizuri kabisa, ni giaboksi tu ina shida ndogo." Bei inayofuata huwa tamu. Hilux au Prado ya dizeli ambayo ikiwa nzima usingeisogelea, ghafla unaimudu. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu aliyesimama hapo, pesa anazo, anajiuliza kama hiyo ni bahati au ni mtego.

Msimamo wangu ni huu. Giaboksi ya gia za mkono inayolalamika, ikiwa nyuma ya injini ya dizeli isiyo na mambo mengi, ni ununuzi mzuri, mradi ujue inalalamikia nini kabla hujatoa pesa. Giaboksi ya otomatiki iliyoungua ni habari nyingine kabisa. Na injini ikiwa imechoka, hata wakupe giaboksi nzima bure, achana na hilo gari.

Dizeli hizi zilitufikia kwa wingi kwa sababu Wajapani wenyewe walizikataa mijini. Kuanzia Oktoba 2003, Tokyo na mikoa jirani ilipiga marufuku malori, mabasi na magari mengine ya kazi ya dizeli yasiyofikia viwango vya moshi, na wengi wenye nayo wakayauza nje. Leo kuagiza gari la umri huo kunaongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo wengi wetu tunanunua yale yaliyokwisha kusajiliwa hapa, ya namba A, B au C. Maana yake gari unalolitazama limekula vumbi la Geita na Sengerema miaka mingi. Lichunguze ukiwa na hilo akilini.

Injini kwanza, hata kama umeapiwa ni nzima

Fika asubuhi na uguse injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina joto, kuna kitu walitaka usikione. Sema utarudi kesho. Dizeli iliyolala usiku kucha ndiyo inayosema ukweli. Iwake baada ya hita kuzima taa, bila kusukumwa wala kunyunyiziwa kitu kwenye njia ya hewa. Moshi mweupe wa sekunde chache za mwanzo usikutishe. Ukiendelea, ama dizeli haiungui sawasawa ama maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi kidogo unapokanyaga mafuta mlimani unavumilika, maana Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kidogo kwa injini isiyo na taboo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa).

Injini ikinguruma, legeza kifuniko cha oili. Mvuke mwepesi ni kawaida kwa gari la zamani, lakini kikirushwa na pumzi nzito, ringi zimekwisha. Kabla ya hapo, injini ikiwa baridi, uwe umefungua redieta uone maji yake: yakitoa mapovu mfululizo injini inapowashwa, gasketi au silinda hedi yenyewe imeachia. Uliza pia belti ya taimingi ilibadilishwa lini. Toyota nyingi za dizeli huhesabu kilomita 100,000, na zina taa yake kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwa imeng'olewa, chukulia kwamba belti haijawahi kuguswa.

Sasa sikiliza giaboksi

Hapa ndipo pesa ilipo. Sehemu kubwa ya giaboksi zinazoitwa mbovu si mbovu. Zima injini, ingiza gia zote moja moja. Kama zinaingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zinagoma ikiwa imewaka, klachi haiachii: kagua masta ya klachi na silevu (pampu ya juu na ya chini zinazosukuma klachi), au hewa kwenye mpira wake. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na muuzaji anakushushia bei ya giaboksi nzima. Usimsahihishe mpaka mkishakubaliana bei.

Gari likiwa limesimama, gia huru, mguu nje ya klachi, sikiliza. Mvumo unaokatika ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya kuingilia. Mvumo unaoanza ukikanyaga ni rilizi beringi, ambayo hubadilishwa pamoja na klachi pleti na preshapleti bila kufungua giaboksi.

Kisha endesha. Kwenye Toyota nyingi za kuvuta nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuegemea meno ya shafti ya chini. Kelele ikiwepo gia zote halafu ikatulia kwenye ya nne, beringi za shafti ya chini zimechoka. Gia ya pili ikikwaruza asubuhi na kupona baadaye, zile pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia zimelika. Kukwaruza huko unaweza kuishi nako kwa muda huku ukikusanya pesa. Gia inayochomoka yenyewe usiishi nayo. Milima yetu ndiyo kipimo bora: shuka kutoka Bugando ukiwa gia ya pili, ondoa mguu kwenye mafuta, uache injini ishike gari. Gia ikichomoka hapo, meno yamekwisha au uma wa gia umechakaa. Ukigeuza na kupanda, weka ya tatu na ukanyage. Injini ikipandisha sauti na mwendo usipande, klachi inateleza.

Gia ya tano haipimwi mjini. Chukua barabara ya Usagara hadi Kigongo, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 unaweza kuvuka mpaka Sengerema na kurudi bila kusubiri kivuko. Mwendo huo mrefu unaichemsha giaboksi, na iliyochemka haiwezi kuficha kitu.

Jambo moja la hila. Wapo wanaojaza oili nzito ya 140 ili kuzima mvumo kwa siku chache. Gia zikiwa ngumu ajabu asubuhi halafu zikalainika mchana, omba bolti ya kujazia ifunguliwe na ushike oili kwa vidole.

Maji ya ziwa

Hili ni la kwetu. Gari lililokuwa likishuka mwaloni kupakia dagaa, au kuoshwa ndani ya ziwa, limeingiza difu na giaboksi zikiwa za moto kwenye maji baridi. Chuma kikipoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili na bomba la kupumulia. Kagua oili ya difu, transfa (boksi linalogawa nguvu magurudumu ya mbele na nyuma) na giaboksi, zote tatu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, beringi zimeanza kupata kutu hata kama leo hazipigi kelele. Halafu lala chini ya gari: maji ya barafu la samaki yanayodondoka miaka nenda rudi hula chasisi juu ya springi za nyuma. Chasisi iliyooza usiinunue kwa bei yoyote ile.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Toyota Hilux ya gia za mkono yenye injini ya 3L (sentimita za ujazo 2,779) au 5L (2,986). Haina taboo wala komputa, na pampu yake ni ya mekanika. Haina mbio, na mlima wa Isamilo ukiwa na mzigo utaupanda taratibu. Lakini giaboksi yake fundi wa kawaida anaifungua na kuifunga, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Angalia kitu kimoja ukitafuta ya kubadilisha: ya 4x4 na ya 4x2 zinatofautiana mkiani, usiletewe tu "ya Hilux". Hili ndilo gari pekee kwenye orodha ambalo ningenunua hata giaboksi ikiwa imeshushwa chini vipande vipande, ilimradi nimeisikia injini.

Ya pili, Land Cruiser Hardtop au pikapu ya injini ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164. Kwa uimara ingekuwa ya kwanza. Imeshuka kwa sababu ya pesa tu: inakunywa, vipuri vyake ni ghali, na mwenye nayo anajua thamani yake. Nyingi zinatoka kwenye miradi na migodi kupitia minada. Sikiliza gia ya tano na mlio wa "tak" unapokanyaga na kuachia mafuta, maana eneo hilo huchakaa kwa magari yaliyokimbizwa masafa marefu na mzigo. Ikiuzwa rahisi mno, rudi kwenye chasisi.

Ya tatu ni Hiace ya 3L au 5L, kwa mwenye biashara ya mzigo. Kama ilikuwa daladala, hesabu kabisa kwamba gia ya kwanza na ya pili zimechoka, na uweke hilo kwenye bei.

Ya nne, Prado ya injini ya 1KZ-TE, sentimita za ujazo 2,982 na taboo. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ni gari zuri kuendesha, familia inalipenda, na limejaa mjini. Udhaifu wake unaojulikana ni silinda hedi kupasuka likishapata moto kupita kiasi, na redieta iliyoziba vumbi inatosha kulifikisha huko. Ya gia za mkono yenye ushahidi wa redieta safi, nunua. Ya otomatiki ipime hivi: injini ikiwa ya moto na inanguruma, pitisha gia zote kisha chomoa kijiti cha kupimia. Oili nyekundu, safi, ni dalili njema. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni pleti za ndani zilizokwisha, na kubadilisha oili hakutazirudisha. Ya waridi yenye ukungu ni maji: kipoza oili kimo ndani ya redieta, na kikitoboka, maji na oili vinachanganyika na kuua giaboksi nzima. Kisha kanyaga breki, toa N peleka D. Toyota nyingi za aina hii hushika ndani ya sekunde 1.2 hivi, na kwenye R ndani ya 1.5. Ukihesabu moja, mbili, tatu ndipo ishtuke, umeshapata jibu. Taa ya O/D OFF ikimetameta yenyewe, komputa imerekodi hitilafu. Huenda ni solenoidi (valvu ya umeme ya giaboksi) au waya tu, lakini isomwe kwa mashine kabla ya malipo.

Ya tano, Mitsubishi Pajero ya 4M40 na Land Rover Defender ya 300Tdi. Pajero ina ugonjwa uleule wa hedi, na taa zake za kuvuta magurudumu manne hupenda kumetameta sensa zake zikichanganyikiwa. Defender naipenda, lakini mahali giaboksi inapokutana na transfa, meno ya shafti hulika mpaka siku moja injini inazunguka na gari halisogei. Tena giaboksi yake ya R380 inataka oili nyepesi. Ukikuta imejazwa 90 nzito, ugumu wa gia unaweza kuwa ni huo tu. Nunua ikiwa tu una fundi aliyewahi kuifungua.

Ya mwisho, D-4D (dizeli mpya zaidi za Toyota, zinazopuliza mafuta kwa presha kubwa na komputa) yoyote ya otomatiki yenye shida ya giaboksi. Nozeli zake hazivumilii dizeli chafu ya madumu inayouzwa visiwani na machimboni. Ukijumlisha nozeli na giaboksi, umepita bei ya gari zima. Kama ni D-4D, nunua nzima.

Kutengeneza

Kabla ya kuongea bei na muuzaji, nenda gereji ujue giaboksi iliyotumika ya gari hilo inauzwaje Mwanza na ikiagizwa Dar es Salaam, ongeza klachi, sili na oili. Jumla hiyo ndiyo unayomkata. Usikubali hesabu yake ya "kubadilisha beringi tu".

Kwa gia za mkono, napendelea kufungua ya kwako kuliko kununua ya mtumba, kwa sababu ya mtumba nayo hujui imepitia nini. Ila simama fundi anapofungua. Badilisheni beringi zote, pete za shaba na sili kwa pamoja. Gharama kubwa ni kuishusha na kuipandisha. Sili ya nyuma ya injini iwekwe siku hiyohiyo. Oili iwe ya daraja la GL-4, maana baadhi ya GL-5 zina kemikali zinazokula shaba.

Kwa otomatiki, mtumba wa Japani wenye dhamana ya kurudisha ndiyo njia ya kawaida, na redieta ibadilishwe kama maji yalichanganyika. Kuigeuza iwe ya gia za mkono kunawezekana, lakini kunadai fraiwili, pedali, propela ya urefu wake, na kwenye 1KZ-TE nyaya za komputa pia. Ukipata gari lililopondwa la aina hiyohiyo la kuchukua vyote, sawa. Kununua kimoja kimoja kutakumaliza.

Makaratasi yaende sambamba: namba ya injini na chasisi zilingane na kadi, kwani nyingi zimebadilishwa injini bila taarifa, angalia madeni ya faini za trafiki, na ubadilishe umiliki TRA mara moja.

Giaboksi ikishafungwa, endesha kilomita 1,000 kisha mwaga oili na uangalie sumaku ya bolti ya chini. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole vichukue kwenye karatasi umpelekee fundi siku hiyohiyo.