Namba ya SMS au ufunguo wa siri: kipi kitailinda Gmail yako?

Nenosiri peke yake halitoshi tena. Swali ni utumie kinga gani zaidi.

Namba ya SMS wengi tumeizoea: unaingiza nenosiri, simu inalia, unaandika tarakimu 6. Inafika hata kwenye kiswaswadu, na ni afadhali sana kuliko kukaa bila kitu. Lakini tapeli aliyekutumia barua pepe ya "akaunti yako itafungwa leo" ana njia ya kuipata. Kiungo chake kinakupeleka kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa Google, unaandika nenosiri, unaandika na ile namba, naye anaviingiza kwenye ukurasa halisi papo hapo. Wengine huihamisha laini yako kwenye kadi yao, na SMS zote zikawafikia wao.

Ufunguo wa siri (kwa Kiingereza "passkey"), yaani kuingia kwa kufungua simu yako badala ya kuandika nenosiri, Google iliuleta kwenye akaunti binafsi Mei 2023, nao hauna namba ya kuibiwa. Simu inaomba alama ya kidole au PIN, na yenyewe inakagua anwani ya tovuti. Kama si ya Google, ufunguo haufanyi kazi, hata kama macho yako yameshadanganyika. Kasoro yake ni kwamba unataka simu janja au kompyuta isiyo ya zamani sana, na simu ikipotea bila njia mbadala utahangaika.

Mimi nachagua ufunguo, na misimbo ya akiba (namba za kuingilia wakati wa dharura, ambazo Google hukupa mapema) naichapisha na kuiweka kabatini. Mwenye kiswaswadu abaki na SMS, ila asimsomee mtu yeyote namba hiyo, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu.