Miche mitatu ya zabibu nyuma ya nyumba: uzoefu wangu hapa Dodoma

Miche niliyonunua mara ya kwanza ilikufa yote. Vilikuwa vijiti vilivyochomekwa kwenye mifuko, vina majani mawili matatu, nami nikadhani penye majani na mizizi ipo. Nilipong'oa cha kwanza kilichonyauka, chini kilikuwa kikavu kama ufito. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, inua mfuko uangalie kitako chake. Ukiona mizizi myeupe inachungulia kwenye matundu, chukua.

Ya pili niliifuata kwa mkulima mmoja wa Hombolo, Desemba 2022, mvua zinaanza. Mitatu, shilingi 1,500 kila mmoja, aina ya Makutupora nyekundu. Hii naisifu kwa moyo wote, haukufa hata mmoja. Nilichimba mashimo ya futi mbili, nikachanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, maana mbichi inaunguza mizizi. Kiangazi kila mche ulipata ndoo moja mara mbili kwa wiki, maji ya kusuuzia nguo. Nguzo na waya nilifunga mwenyewe.

Kilichonishinda ni kupogoa. Mizabibu ilitambaa mpaka kwenye bati, majani tele, nami nikaona huruma kuikata. Bibi jirani yangu, aliyekulia kwenye mashamba ya zabibu Mpunguzi, alikuja Aprili 2024 akaniuliza, "Mwanangu, unafuga majani?" Akachukua mkasi, kila tawi akaliachia macho mawili, yaani sehemu zinazotoa chipukizi, matatu kwa lililonenepa. Uwanja ukabaki mweupe. Kesho yake asubuhi kila mkato ulikuwa unadondosha maji, tone baada ya tone, ardhi imelowa. Nikamkimbilia nikijua nimeua. "Inalia tu," akasema, "itanyamaza." Baada ya wiki mbili macho yakapasuka, na kwenye chipukizi changa tayari kulikuwa na vishada vidogo kama mbegu za mchicha.

Agosti tulichuma, ndoo ndogo ikajaa. Tamu sana, kwa sababu ziliiva bila mvua.

Mavuno ya Februari 2025 yalinivunja moyo. Mvua ilikuwa nyingi na matawi yamesongamana, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ukaingia: punje zimepakaa kitu kama jivu, nyingine zimepasuka. Salfa nilipuliza nimechelewa. Ni dawa ya kuwahi, chipukizi likiwa bado fupi, na ya kurudia. Siku hizi nyakati za mvua napunguza pia majani yanayofunika vishada, upepo upite.

Kwa mwenye uwanja mdogo hapa mjini, nasema panda. Mkasi mzuri wa kupogolea ulinigharimu kuliko miche yote mitatu, na bado ningeanza na huo. Aprili iliyofuata nilipogoa mwenyewe, bibi amekaa kwenye kigoda ananielekeza kwa fimbo.