Apocalypto: filamu ilipodanganya, na pale ambapo sisi ndio hatukusikiliza

Apocalypto (2006) ni filamu ya Mel Gibson kuhusu steringi Jaguar Paw, kijana wa Kimaya, wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati, anayetekwa pamoja na wenzake wa kijijini wakachinjwe kafara mjini. Mara ya kwanza niliiona kibanda umiza, ikiwa imetafsiriwa, na tulitoka pale tunabishana. Mbona wanamkimbiza mtu mmoja msitu mzima? Mbona kwenda walitembea siku kadhaa, halafu kurudi steringi anakimbia usiku mmoja tu kafika? Juzi nimeirudia bila mtafsiri. Wahusika wanaongea Kimaya cha Yucatán, rasi ya Mexico, na unasoma maandishi chini ya picha. Ubishi wetu mwingi umekufa. Majibu yalikuwepo, ila mtafsiri alikuwa anapiga stori juu yake.

Tuanze na kukimbizwa. Mateka wanaachiwa uwanjani wakimbie wawili wawili huku wakirushiwa mikuki, mishale na mawe. Mwisho wa uwanja kasimama Cut Rock, anawamalizia watakaopona. Jaguar Paw, akiwa na mshale mwilini, anamuua. Sasa Cut Rock ni mtoto wa Zero Wolf, mkuu wa wateka watu. Kuanzia hapo kazi imekwisha, kilichobaki ni kisasi cha baba, ndiyo maana hawageuki hata wenzao wanapokufa njiani, mmoja kwa chui wa huko, mwingine kwa nyoka.

Umbali nao unaeleweka. Kwenda walikuwa wamefungwa shingoni kwenye miti, wengine majeruhi, wakavushwa mto kwa taabu. Kurudi ni mtu mmoja anayeokoa roho yake, na mkewe mjamzito na mtoto wako shimoni wanamsubiri. Anajirusha kwenye maporomoko ya maji, na akiibuka chini anawatangazia kwamba huu ni msitu wake, baba yake aliwinda humu. Kibao kinageuka hapohapo. Hata mtego unaommaliza Zero Wolf tuliuona mwanzoni kabisa ukinasa mnyama.

Kisha yule binti mgonjwa wa njiani. Mtafsiri wetu alimgeuza mchawi wa kuchekesha, tukacheka, ikapita. Kumbe ndiye aliyebeba hadithi nzima. Anataja mchana utakaokuwa giza, mtu atakayekuja na chui, na kwamba huyo mtu atawapeleka kwa watakaoukomesha ulimwengu wao. Kwa hiyo meli za Wahispania pale mwisho hazikuchomekwa tu. Wafukuzaji wawili waliobaki wanaziona, wanaduwaa, steringi anajiondokea.

Na jua kupatwa saa ileile steringi anapokaribia kuchinjwa, kafara ikasitishwa? Wengi huita bahati ya sinema. Mtazame kuhani, halafu mtazame mfalme: macho yanakutana, hakuna anayeshtuka. Wamaya walikuwa na majedwali ya kupatwa kwa jua, na mojawapo limebaki katika kitabu chao kilichohifadhiwa Dresden, Ujerumani. Yule kuhani aliijua siku.

Ila yapo nisiyoweza kuyatetea. Usiku unaofuata mwezi unang'aa mzima, wa kumi na nne! Jua hupatwa mwezi ukiwa bado haujaandama. Yeyote aliyewahi kutazamia mwezi wa Ramadhani angemwambia Mel Gibson. Giza lenyewe linashuka upesi mno, wakati jua humegwa kwa zaidi ya saa moja kabla ya kufunikwa lote. Zama pia zimechanganywa: miji mingi mikubwa ya Wamaya wa kusini ilikuwa imeshaachwa kufikia miaka ya 900, ilhali msafara wa Mhispania Hernández de Córdoba ulifika Yucatán mwaka 1517. Halafu mishale ya sumu ya chura, ambayo sifa yake ni ya watu wa misitu ya Colombia, mbali sana na pale. Na lile jeraha la mshale? Hapo hakuna maelezo. Steringi hafi.

Kwangu ni nyota nne kati ya tano. Nusu saa ya kwanza ni utani wa kijijini, vumilia, na usiruke. Watoto wasiwepo sebuleni, maana vichwa vinaviringika ngazini. Na kama ulishaiona ya kutafsiriwa tu, bado hujaiona.