Maji yalitosha, njia haikutosha: siku ya kurudi uwanjani Goma

Baba yangu ana miaka 67, na tangu Machi 2020, ugonjwa wa corona ulipothibitishwa nchini kwetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mara ya kwanza na wiki mbili baadaye hali ya dharura ikatangazwa, hakuwa ametia mguu katika uwanja wowote wa mpira. Mechi alizifuata redioni, akiwa ameketi peke yake mlangoni, na mara nyingi alizima redio kabla ya filimbi ya mwisho kwa sababu, kama alivyosema, mpira usio na watu wa kushangilia nao ni habari tu. Jumapili ya wiki jana nilimpeleka, pamoja na mtoto wa dada yangu mwenye miaka 9, kutazama mechi ya mashindano ya mitaa katika uwanja mmoja wa hapa Goma. Sitautaja uwanja huo, kwa sababu waandaaji wake ni vijana wanaojitolea, na kasoro nitakazozieleza zinaweza kurekebishwa bila mtu yeyote kuaibishwa. Ninaiandika tathmini hii katika mwaka wa 2022, kwa ajili ya wale wanaojiuliza swali lililonikosesha raha wiki nzima: je, mtu anaweza kumpeleka mzazi wake uwanjani wakati wa janga la corona, na kumrudisha nyumbani salama?

Nianze na tiketi. Ziliuzwa siku mbili kabla ya mechi katika vibanda vya kuuzia vocha za simu, kwa franka 1,000 upande wa jua na franka 2,000 upande wenye paa la mabati, na mlangoni hapakuuzwa hata moja. Uamuzi huo peke yake unastahili pongezi, kwani wote waliozoea mpira wa hapa wanakumbuka jinsi dirisha la tiketi lilivyokuwa mahali pa kusukumana, watu wakipitisha noti juu ya vichwa vya wenzao. Safari hii hapakuwa na dirisha, wala chenji ya kugombania. Waandaaji walitangaza kwamba tiketi 1,200 tu zingetolewa, ilhali uwanja huo, siku za kawaida, hupokea watu zaidi ya mara mbili ya hao. Tulifika saa nane kamili, mechi ikiwa saa tisa na nusu, tukakuta mstari mfupi uliotulia.

Jambo lililofanywa vizuri kuliko yote ni maji. Kabla ya kufika kwenye kamba ya kuingilia, kila mtu alipita mbele ya ndoo sita zenye bomba, zilizopangwa juu ya meza za mbao kwa umbali wa hatua mbili baina ya ndoo na ndoo, na chini ya kila bomba palikuwa na beseni la kupokea maji machafu ili ardhi isigeuke tope. Katika jiji ambalo familia nyingi bado hununua maji kwa jerekani, au huyachota ziwani na kuyapandisha kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ndoo sita zilizojaa kuanzia saa saba hadi mwisho wa mechi si jambo dogo. Nilimwuliza mama aliyesimamia ndoo ya tatu jinsi walivyochanganya klorini, naye akanijibu bila kusita kwamba maji ya mikono ni ya asilimia 0.05, yale ya kupangusia mabenchi na vyuma vya mlangoni ni ya asilimia 0.5, na kwamba yote yamechanganywa asubuhi ileile kwa sababu maji ya klorini yakilala juani hupoteza nguvu. Kisha akamgeukia baba yangu akamwambia, "Mzee, osha polepole, hakuna anayekukimbiza." Na kweli hakuna aliyemkimbiza.

Ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mama huyo aliujifunza wakati wa Ebola, kama maelfu ya watu wa Kivu Kaskazini. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaja kutangazwa kwamba umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200 katika mashariki ya nchi. Mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa hapa Goma mnamo Julai 2019, jiji zima lilijifunza kwa haraka: ndoo ya klorini ilisimama kwenye mlango wa kila duka, shule, benki na kanisa, na wale wanaovuka mpaka kila siku kwenye kituo cha Barière Ndogo kwenda Gisenyi, Rwanda, walizoea kunawa na kupimwa joto kama walivyozoea kuonyesha karatasi zao. Kwa hiyo corona ilipoingia, ilitukuta tukiwa tayari na ndoo, na mikono yetu ikijua la kufanya bila kuambiwa. Nilipowaona vijana wa mlangoni wakifanya kazi yao kwa utulivu ule, nilijivunia jiji langu.

Hata hivyo, ni hapohapo ninapoona tatizo kuu la huduma hii, nami naomba waandaaji wanisikilize kwa moyo mweupe. Ebola hupita kwa kugusa: jasho, damu, matapishi, mwili wa marehemu. Mkono ulionawishwa vizuri ni kinga kubwa dhidi yake. Corona hupita zaidi katika pumzi, na mtu anayepiga kelele au kuimba hutoa matone mengi zaidi ya yule anayekaa kimya, naye huweza kuwaambukiza wengine akiwa hana homa wala dalili yoyote. Kijana aliyetuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso alifanya kazi yake kwa adabu, lakini kifaa hicho hakiwezi kumwona mgonjwa asiye na joto. Kunawa kunafaa na kuendelee. Ila dhidi ya ugonjwa huu ulinzi mkubwa uko katika barakoa, hewa ya wazi na nafasi kati ya mtu na mtu, na katika mambo hayo matatu uwanja haukuwa na kiwango kimoja.

Barakoa zilikaguliwa mlangoni kwa ukali unaofaa. Asiyekuwa nayo alipewa ya kitambaa kwa franka 500, zenye rangi za timu mbili zilizokuwa zikicheza, zimeshonwa na mafundi wa mtaa huohuo, tabaka mbili kwa unene, nazo zinafuliwa na kuvaliwa tena. Nilimnunulia mpwa wangu moja kwa sababu ile aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa inamteremka puani kila alipocheka. Ndani ya uwanja ukaguzi ulilegea, hasa wachuuzi wa karanga na mandazi walipoanza kupita katikati ya mabenchi, kwani mtu anayekula hufunua mdomo, na akishamaliza kula husahau kuufunika. Afadhali chakula kiuzwe pembeni, mahali pamoja, na mtu ale akiwa huko.

Kuhusu mabenchi, vijana walikuwa wamechora alama za chokaa kwenye ngazi za zege, mahali pa kukaa pamoja na mahali pa kuacha wazi, na familia ziliruhusiwa kukaa pamoja. Sisi watatu tulikaa upande wenye paa, nafasi mbili zikiwa tupu kushoto na mbili kulia. Paa hilo halina kuta, na upepo wa ziwani ulipita vizuri. Utaratibu ulidumu dakika 31 za mchezo. Bao la kwanza lilipoingia, watu waliruka, wakakumbatiana, wakashuka hadi kwenye kamba, na waliporudi hakuna aliyetafuta tena alama yake. Siwalaumu sana, kwa kuwa furaha iliyofungiwa miaka miwili haiwezi kupimwa kwa chokaa. Ila waandaaji walipaswa kulitarajia bao, maana ndilo tulilolipia. Dakika chache baadaye kiongozi mmoja wa mashabiki alifanya jambo la hekima ambalo ningependa liigwe: alisimama mbele ya kundi lake, akawaomba waache kuimba na washangilie kwa ngoma na makofi. Ngoma tatu zilichukua nafasi ya sauti mia mbili, na uwanja haukupoa hata kidogo. Baba yangu, ambaye ujana wake aliupigia ngoma timu ya mtaa wake, alishika mdundo kwa viganja juu ya magoti mpaka mapumziko.

Vyoo havikuwa na sabuni. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Sasa niseme juu ya kutoka, ambako ndiko kulikonifanya nichukue kalamu. Uwanja huo una milango miwili. Tiketi zetu zilikuwa na rangi mbili, buluu na nyeupe, na nilidhani kila rangi ina mlango wake; kumbe rangi zilitofautisha bei tu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na nje yake pamerundikwa mawe meusi ya volkeno yaliyobaki baada ya ujenzi wa ukuta. Wakati wa kuingia, mlango mmoja ulitosha kwa sababu watu walifika kwa vipindi, kuanzia saa saba mpaka saa tisa na nusu. Wakati wa kutoka, watu 1,200 waliinuka kwa pamoja, jua likiwa linazama, kila mmoja akiwahi kupata pikipiki kabla ya giza, na wote wakaelekea kwenye njia isiyozidi upana wa watu watatu. Barakoa zilikuwa zimeshuka shingoni, na waliokuwa wamenyamazishwa kwa ngoma walianza kuimba upya, vifua vikigusana na migongo. Nilimweka mtoto mbele yangu na baba ubavuni, na kwa dakika kadhaa hatukuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Tulipofika pembeni nilisimama nikahesabu kwa saa ya simu: mlango ule ulipitisha takriban watu 30 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo, umati wa watu 1,200 huhitaji dakika 40 kwisha. Mlango wa pili wenye upana uleule ungepunguza muda huo kwa nusu, na kama upande wa jua ungetolewa kwanza, upande wa paa ukasubiri ukisikiliza ngoma, msongamano wenyewe usingetokea. Waandaaji walipanga idadi ya watu kwa kuangalia mabenchi. Walipaswa kuanza kwa kuangalia mlango.

Sisemi haya kwa kutafuta ubaya. Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yaliyochezwa Kamerun mwanzoni mwa mwaka wa 2022 yaliweka masharti makali kuliko yetu: shabiki alitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo na kipimo kisicho na virusi, na viwanja viliwekewa kikomo cha asilimia 60 ya nafasi zake, au 80 timu ya wenyeji inapocheza. Pamoja na hayo yote, tarehe 24 Januari watu wanane walifariki katika msongamano kwenye lango la uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya mechi ya Kamerun na Komoro. Watu hao hawakuuawa na corona. Waliuawa na lango. Waingereza nao, walipoanza kuwarudisha mashabiki mnamo Desemba 2020, waliruhusu watu 4,000 au 2,000 tu kutegemea hali ya eneo, na hawakuruhusu mtu hata mmoja pale ugonjwa ulipokuwa umeenea zaidi, katika viwanja vinavyobeba makumi ya maelfu. Uwanja wetu wa mtaa hauna fedha za viwanja hivyo, lakini una mlango wa pili, na ufunguo wake upo.

Ninajua kwamba mtu anaweza kuniuliza kwa nini nihangaike na mechi ya mtaa wakati jiji hili limeona makubwa zaidi. Ni kweli: Mei 2021 mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, ulilipuka, na siku tano baadaye tulihamishwa kwa maelfu, wengine tukalala Sake, wengine Minova, wengine ng'ambo ya mpaka. Nadhani hiyo ndiyo sababu uwanja ulikuwa na uzito ule Jumapili hiyo. Tulipoingia, baba alisimama juu ya ngazi akautazama uwanja kwa muda mrefu bila kusema neno. Baadaye alianza kunyoosha kidole na kunionyesha watu ambao hakuwa amewaona tangu kabla ya corona, na wale aliowatafuta kwa macho bila kuwapata. Watu wanahitaji mahali pa kukutana tena, na anayewaandalia mahali hapo anabeba dhamana ya kuwarudisha makwao.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wasomaji ni haya. Kwa vijana na watu wenye afya nzuri, nendeni; bei ni ya haki, mapokezi yana heshima, na maji hamtayakosa. Kwa wazee na wenye pumu au kisukari, subirini mpaka mlango wa pili ufunguliwe. Nilizungumza na mmoja wa waandaaji siku iliyofuata, akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika katika daftari, akasema kwamba kuyaondoa yale mawe ni kazi ya asubuhi moja wakipatikana watu wenye chukudu. Nimemwahidi kwamba nitakuwa mmoja wao Jumamosi. Mechi ijayo ni wiki mbili kuanzia leo, na baba ameshaniuliza mara tatu kama tiketi zimeanza kuuzwa. Nimemjibu kwamba nitazinunua nikishayaona mawe yakiwa yameondoka.