Mlango wa nyuma wa umeme kwenye Fielder ya 2004: thamani yake iko unapojifunga

Mimi ni mpishi wa keki za harusi, sendofu na kipaimara hapa Mwanza, na gari langu la kazi ni Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2004. Tangu niifungie mlango wa nyuma wa umeme, unaojifungua na kujifunga kwa rimoti, kila ukumbi ninaoshusha keki kuna mtu anauliza nimeupata wapi na kama unastahili gharama yake. Unastahili, tena sana. Lakini wengi wanautazama unavyofunguka, wanashangaa, wanaondoka. Nawaambia wasubiri waone unavyojifunga.

Keki ya tabaka tatu hubebwa kwa mikono miwili na haiwekwi chini. Ukishaiingiza garini, adui wake wa kwanza ni huo mlango, kabla hata ya mashimo ya barabarani. Mlango wa Fielder una kioo kikubwa, una mota ya waipa, ni mzito, na wangu ulikuwa haushiki mpaka uubamize. Mimi ni mfupi, ukifunguka wote siufikii, kwa hiyo niliufungia kamba ya kuuvutia. Mikono ikiwa imejaa nilikuwa namwomba kijana wa bodaboda aliye karibu. Anausukuma kwa nguvu zake zote, kwa nia njema kabisa, na mtikisiko ule unatosha kuchana krimu au kusogeza tabaka la juu. Bibi harusi hataki kujua nani alifunga mlango.

Seti niliiagiza China kupitia wakala wa mizigo wa Dar es Salaam, na hadi inashushwa kwenye basi Nyegezi ilikuwa imekula laki nane na ushee. Ndani yake kulikuwa na shokapu mbili za mota (nguzo za kuinua na kushusha mlango), boksi dogo la kuongozea, loki mpya ya mlango, swichi mbili, rimoti, kengele na mafungu ya waya. Jambo lenyewe si geni mitaani kwetu. Baadhi ya Harrier za kuanzia 2003, zile za tako la nyani, zilitoka Japani zikiwa na mlango wa namna hii. Ila Fielder yangu haikuundwa nao, na seti niliyopata ni ya jumla, haina vishikio vya gari hili. Hapo ndipo kazi yote ilipolala.

Fundi umeme niliyempata Nyakato alinieleza kabla hajagusa bolti hata moja, na nilimpenda kwa hilo. Ndani ya kila shokapu kuna mota ndogo inayozungusha skrubu ndefu, pamoja na springi nene inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Skrubu ikizunguka upande mmoja shokapu inarefuka na mlango unapanda, ikirudi nyuma mlango unashuka. Boksi la kuongozea linahesabu mizunguko, ndiyo maana linajua mlango umefika wapi. Mota ikizuiliwa na kitu, boksi linahisi na kuurudisha mlango juu. Akaniambia, "Dada, mota si tatizo. Tatizo ni mahali pa kuishikiza na loki itakavyofunga."

Shokapu za gesi za zamani hukaa kwenye vichwa vya mviringo vilivyofungwa kwa bolti kwenye bati la bodi. Bati hilo liliwekwa likabiliane na gesi, si mota inayosukuma na kuvuta. Kwa hiyo kila upande alikata kipande cha chuma, akakipitisha nyuma ya bati, akafunga bolti zishike vyote viwili. Sehemu moja ilihitaji kuchomelewa, na hapo alichomoa betri kwanza, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Alipima urefu wa shokapu mlango ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, akapima tena, ndipo akatoboa. Shokapu ikiwa ndefu kuliko nafasi yake, mlango haufungi. Ikiwa fupi, unaishia katikati. Zipo seti za bei nafuu zenye mota upande mmoja tu. Ushauri wangu ni kuziacha, kwa sababu mlango mzito kama huu unasukumwa kona moja na baada ya muda unaweza kukaa upande.

Sasa loki. Niliwahi kuona gari jingine hapa mjini lililofungwa shokapu za mota peke yake, loki ikabaki ile ya zamani. Mlango unashuka vizuri, unafika chini, unagusa raba, unasimama. Mota haina mwendo wa kubamiza, kwa hiyo mwenye gari anamalizia kwa kusukuma na kiganja, na siku nyingine anaondoka taa ya mlango ikiwaka kwenye dashibodi. Loki iliyokuja na seti yangu ina mota yake. Mlango ukifika chini, inaudaka na kuuvuta taratibu sehemu ile ya mwisho mpaka raba ibane. Unasikia mlio mfupi tu. Nilijaza glasi ya maji, nikaiweka kwenye sakafu ya buti, nikafunga. Uso wa maji ulicheza kidogo, tone halikumwagika. Kwa mtu wa keki, huo ndio uamuzi wote.

Loki ya umeme ina swali lake: betri ikifa utafunguaje? Fielder ilikuja na mkono wa kuvuta kwa nje, nao sasa haufanyi kazi. Fundi alipitisha waya wa chuma ndani ya mlango, ukilaza kiti cha nyuma na kuuvuta, loki inaachia. Usikubali kuchukua gari kabla hujajaribu njia hiyo mwenyewe. Vilevile hakikisha mfumo umeunganishwa na gia. Wangu haufunguki mpaka gia iwe kwenye P, yaani ya kuegesha, kwa sababu mlango ukifunguka ukiwa unapanda barabara ya Bugando, keki itabaki nyuma yako.

Seti ilikuja pia na sensa ya mguu, ile ya kupitisha unyayo chini ya bampa ili mlango ufunguke. Inavutia kwa mtu aliyejaza mikono, na ndiyo niliyoitamani kuliko vyote, lakini tuliamua kutoifunga. Gari jipya linajua kwamba funguo iko mfukoni mwako. Fielder ya 2004 kama yangu haijui. Ukiifunga hivi hivi, mguu wa yeyote utafungua gari lako pale sokoni Kirumba. Badala yake nimeshona kimfuko kwenye aproni, rimoti inakaa hapo, naibonyeza kwa kiwiko.

Kikomo cha juu nimekiweka kwa kimo changu. Unasimamisha mlango unapotaka, unabonyeza swichi ya mlangoni bila kuachia mpaka kengele ilie, basi, unakumbuka. Kamba imetoka. Ile kinga ya kurudisha mlango juu ukibana kitu niliijaribu kwa boksi tupu la keki: likakunjika kona, mlango ukarudi juu. Hata hivyo watoto siwaruhusu kusimama pale, kwa sababu boksi lilikunjika kabla mlango haujahisi.

Mji wetu ni wa miinuko, na hilo seti haikulijua. Nikiegesha Isamilo gari likiwa limeelekeza pua mlimani, mlango ukiwa wazi unakuwa mzito zaidi, na mara nyingine unasita kabla ya kufika juu. Nabonyeza tena, unamalizia. Fundi aliupima kwenye uwanja tambarare kama inavyotakiwa, na nadhani shokapu zenye springi ngumu kidogo zingekuwa bora kwa Mwanza. Muulize muuzaji uzito zinaobeba kabla hujalipa, na kama unaweza, pimisha mlango wako.

Safari za Sengerema ndizo zimenifurahisha zaidi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sikai tena foleni ya kivuko huku siagi ikilainika. Barabara inakwenda moja kwa moja juu ya maji, karibu kilomita 3 za lami laini. Nikifika ukumbini naegesha kinyumenyume, nabonyeza, nashusha, nabonyeza, naingia ndani na keki yangu bila kumwita mtu.

Ufundi ulinigharimu laki tatu pamoja na vyuma, na hapo sikuombwa hata senti ya juu. Kuna mafundi watakaokwambia laki moja na wamalize kabla ya adhuhuri. Waulize umeme watautoa wapi. Wangu unatoka moja kwa moja kwenye betri, una fyuzi yake karibu na betri, na waya umepita chini ya zulia. Akichukua umeme kwenye taa ya buti, waya ule mwembamba hautabeba mzigo wa mota, na fyuzi itaungua siku ya kwanza.

Linalobaki ni raba inayopitisha waya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Waya hukunjwa pale kila mlango unapofunguka, na zikiongezwa nyingine ndani ya raba ya zamani zinabanana. Mimi nimebadilishiwa raba, nikaweka pana. Mvua za Machi zikikaribia naikagua kama imepasuka, na vichwa vya shokapu navipaka grisi baada ya kufuta vumbi. Betri ikichomolewa kwa sababu yoyote, mlango unasahau kila kitu: unaufunga kwa mkono mpaka mwisho, unaufungua kwa swichi, unaupa kimo upya. Na kama ukingo wa chini wa mlango wako umeshika kutu, fedha ya seti iweke kando kwanza, umpelekee fundi bodi, kwa maana loki inayojivuta itang'oa bati lililooza.