Tahadhari: Diski za nje za "terabaiti 16" zinazouzwa Kisumu

Ndugu zangu wa Kisumu na viunga vyake, nawaomba muwe macho na muuzaji anayetangaza katika makundi ya simu, na kupitia wachuuzi wa karibu na stendi ya mabasi, diski za nje zilizoandikwa terabaiti 16 kwa shilingi 3,500, akidai ni mzigo wa ofa kutoka Dubai. Hubadilisha nambari ya simu kila anapobanwa, kwa hiyo itambueni bidhaa yenyewe.

Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, diski hizi hunifikia zikiwa zimeshamtia mtu hasara. Ya karibuni ililetwa na mpiga picha za harusi wa Kondele. Ukiichomeka, kompyuta inaonyesha terabaiti zote 16, na picha chache za mwanzo zinafunguka bila shida, kwa hiyo mnunuzi hulipa akiwa ameridhika. Baadaye alifungua folda ya harusi ya Desemba akakuta majina ya faili yapo na ukubwa wake upo, lakini kila picha ni kijivu kitupu. Tulipobandua ganda kwa kisu, hatukuona diski yoyote ndani: palikuwa na kibao kidogo cha saketi, kadi ya memori ya gigabaiti 64 kama zile za simu, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kuongeza uzito mkononi.

Programu ya kibao hicho imechezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Gigabaiti 64 zikijaa, haitoi onyo lolote. Huandika juu ya faili za zamani au huzitupa zile mpya, huku orodha ya majina ikizidi kurefuka. Muuzaji analijua hilo vyema, ndiyo maana ni mwepesi wa kukuambia uichomeke ujionee mwenyewe.

Ukubwa huo peke yake ungetosha kumuumbua. Diski za mfukoni za inchi 2.5 kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana ziliishia terabaiti 5 kwa miaka mingi, na za 6 zilitoka mwaka 2024. Terabaiti 16 utazipata katika diski za inchi 3.5, ambazo ni nzito, huhitaji adapta yake ya umeme, na bei yake haikaribii hata kidogo hiyo ya stendi. (Diski halali ya terabaiti 1 ikionekana kwenye Windows kama gigabaiti 931, msimgombeze muuzaji mwaminifu, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.)

Njia ya kuaminika ni kuijaza na kuisoma upya. Programu ya H2testw ya Windows, au F3 kwa wanaotumia Linux na Mac, hufanya kazi hiyo bure. Kwa diski bandia kama hii, kuandika gigabaiti 200 tu, ambazo tayari zinazidi zile 64 za kadi, kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde huchukua karibu saa tatu, na kusoma huongeza muda mwingine, kwa hiyo patana na muuzaji kwa maandishi kwamba utarudishiwa pesa ikishindwa, na usifute nakala zako za awali kabla ya matokeo. Dai risiti yenye nambari ya diski, na ulipe kwa till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa, lakini bila risiti utamshtaki nani?

Aliyekwisha kuinunua asiifomati wala kuongeza faili nyingine. Anakili kwanza kwenye diski nyingine kila kinachofunguka, kisha afungue kila picha na video aone kama ni nzima, kwani jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba yaliyomo yamehifadhiwa.